Nta ya Tabora, Gari la Bombo

Siku niliyolifahamu gari la mzee, lilivuka dimbwi mbele ya karakana yetu, likasimama, na mwenyewe akashuka suruali imelowa hadi magotini. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mkewe alishukia upande wa pili mkavu kabisa, maana alikuwa amesafiri kutoka Bombo miguu ikiwa juu ya kigoda, na kigoda chenyewe kimewekwa juu ya ubao. Nikajua palepale kwamba gari lile halina sakafu. Nikajua pia, kwa jinsi mama yule alivyofanana na mwalimu wangu, kwamba hawa ndio wazazi wa binti ninayemtaka. Kicheko kikanipanda, nikakibana, kikanitokea puani.

"Unacheka nini, kijana?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza unacheka nini."

Huyo ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wangu. Swali lake lilikuwa halifi mpaka lijibiwe, na ukilijibu linazaa. Nikamwambia nacheka kwa furaha ya kumpata mteja. Akasema yeye bado hajawa mteja, amesimama tu kukamua suruali, na je, karakana hii huwa inawahesabu watu wanaokamua suruali kuwa wateja? Tukaendelea hivyo mpaka mkewe akasema jua linakwenda.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mashamba ya mkonge yalikwisha kuwa mali ya umma, na mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea katika shamba moja upande wa Bendera. Tulitoka kila pembe ya nchi pale: Songea, Kigoma, Singida. Mimi natoka Tabora, Mnyamwezi wa kuzaliwa porini, mtoto wa mrina asali. Mchana tunapigana na mitambo ya kusindika katani, na saa kumi jioni kengele inagongwa, wasiojua kusoma wanakwenda darasani. Ilikuwa elimu ya watu wazima, agizo la serikali, hakuna kukwepa.

Mimi nilikuwa najua kusoma. Nilimaliza darasa la saba, tena vizuri. Lakini siku moja nilipita dirishani nikamwona mwalimu, binti kutoka Bombo, sketi ya bluu na chaki sikioni kama penseli ya seremala, akimwambia mzee mwenye mvi kwamba herufi yake ya "b" imelewa. Kesho yake nilikuwa nimekaa dawati la mbele, sijui hata "a". Nilijifunza irabu kwa wiki tatu, jamani, kwa bidii kubwa. Niliharibu "e" makusudi ili aje kunishika mkono. Siku aliponikuta chini ya mti nasoma gazeti, ukurasa wa ndani, midomo haichezi, hakusema kitu. Alipofika darasani alinipa kipande cha chaki akaniambia nifundishe safu ya nyuma, na nilifundisha safu ya nyuma mwaka mzima bila asante.

Mwisho wa mwaka huo nikajikaza nikamweleza lililo moyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta ubao wote, akasema, "Kaongee na baba."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Niliukamua uso wake nikitafuta hata tone la jibu, sikupata. Nilikuwa Mnyamwezi, tena Mkatoliki, tena wa mkonge, na kwao ni Wapare, Walutheri wa milimani, wenye migomba, kahawa na kaburi la babu wa babu nyuma ya nyumba. Nilikwenda kuongea na baba nikiwa sijui kama binti mwenyewe ananitaka au amenituma nikafukuzwe na mtu mwingine ili yeye asijichoshe.

Mzee alinipokea vizuri, akanilisha makande, akanisikiliza. Kisha akatoka nje, akazunguka gari lake mara mbili, akarudi.

"Hili gari," akasema, "wamelitengeneza mafundi watatu. Wa kwanza aliweka bati, likaoza. Wa pili akaweka bati juu ya bati lililooza, yakaoza yote mawili. Wa tatu akaweka ubao. Wote waliniapia. Wewe unaniomba nikupe kitu ambacho sitapata kingine kama hicho, na unaniapia vilevile. Sasa mimi nitajuaje kwamba kiapo chako si cha fundi?"

Nilisema tu, "Nipe gari."

Alikuwa amelinunua kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya Uhuru. Kigari cheusi, mgongo wa mviringo, taa mbili za mbele kama macho ya mtu aliyeshtushwa. Alilipenda, weee! Alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika, na kila Jumapili alilivalia suti kulipeleka kanisani, ingawa kanisa lilikuwa karibu kiasi kwamba wanaokwenda kwa miguu walifika kabla yake.

Kwa kuwa alikuwa karani, hakukubali neno tupu. Alimwita balozi wa nyumba kumi awe shahidi, akamwita binti yake kwa sababu ya mwandiko mzuri, akamtamkia. Binti akaandika bila kuinua macho: fundi atabadilisha sakafu ya gari, masika ikipita gari litakaguliwa, kutu ikionekana, fundi asirudi tena mlangoni hapa kwa jambo lolote, isipoonekana, mzee atamsikiliza. "Atamsikiliza," mzee akarudia, kidole juu. "Sikusema atapewa." Nikatia sahihi. Binti akapuliza wino ukauka, akaniangalia mara moja, akaondoka na kalamu yake.

Nililiteremsha gari hadi Bendera kwa mwendo wa jongoo, nikaomba kwa bwana mkubwa wa karakana nilifanyie kazi Jumamosi na saa za mapumziko. Nilipong'oa viti na zulia nikaelewa. Zulia lilikuwa la katani, mzee alilifumisha mwenyewe kwa fahari, na katani ikinywa maji haiyatemi. Ukungu wa Bombo unaingia asubuhi, tope la viatu linaingia mchana, na mara moja moja gari lilibeba magunia ya magadi kupeleka sokoni. Maji, chumvichumvi na blanketi la kuvifunika. Kutu ilikuwa imekaa mle kama mgeni aliyeandaliwa kitanda.

Nataka mnielewe: kuweka bati jipya si kazi. Kazi ni kulizuia lisioze, na watu wengi hawajui kwamba bati jipya linaozeshwa na fundi mwenyewe siku ileile anayoliweka. Anakata palipotoboka tu, anaacha ukingo wenye madoa mekundu, anachomelea juu yake. Umefungia mwizi ndani ya nyumba na ufunguo umemwachia. Mimi nilikata kwa patasi na nyundo mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa, kisha nikaongeza upana wa vidole viwili. Mzee, ambaye alikuja kila Jumamosi kunisimamia, alipiga kelele.

"Hicho kilikuwa kizima!"

"Kilikuwa kinajifanya, mzee."

"Umejuaje?"

Nikakikunja kile kipande kwa mkono, kikavunjika kama biskuti. Alinyamaza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumnyamazisha, nikajihisi nimeshinda vita.

Bati la gari halikuwepo dukani, si Same wala Moshi. Mzee alikuja na bati la kuezekea, la mgongomgongo, akasema nilinyooshe tu. Nikamwambia hii ni sakafu, si banda la kuku. Tulibishana nusu siku nzima, na wakati tunabishana nilikuwa nimekwisha kupasua pipa la oili na kulinyoosha, chuma kinene, safi, hakijawahi kuonja maji. Nililisugua kwa msasa na brashi ya waya, nikalifuta kwa petroli, nikalipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu juu na chini kabla hata halijaingia garini, kwa maana ukishachomelea kuna pande ambazo brashi haifiki tena mpaka Kiyama. Nikaacha kingo tu bila rangi, za kuchomelea kwa gesi ya kabaidi. Kila mahali nilipomaliza kuchomelea, rangi iliungua, nikasugua tena, nikapaka tena. Palipokutana bati na bati nilisindilia lami laini kwa kidole gumba, maana hapo ndipo maji hupenda kujificha. Chini nikapaka lami iliyoyeyushwa kwa dizeli, mara mbili, na sehemu za chini kabisa nikatoboa matundu madogo.

Mzee akaona matundu.

"Umeziba matundu kwa wiki mbili, na sasa unatoboa mengine?"

"Ya kutolea maji."

"Maji yataingilia hapo."

"Yakiingia yatatoka."

"Na yakikataa kutoka?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nafikiri siku hiyo alianza kunipenda, ila hakutaka nijue, na mimi nilikuwa na hofu kubwa kiasi cha kutojua.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Chini ya milango, gari lile lina mbavu mbili, za chuma, zilizo na uwazi ndani kama mianzi. Mkono hauingii, brashi haiingii, na kutu huanzia humo. Dawa yake ni kuyeyusha nta, kuichanganya na oili ya injini, na kuimimina ndani ikiwa ya moto ili itambae kila kona na kuganda. Kila fundi wa mkonge alifanya hivyo. Lakini oili iliyokuwepo ilikuwa oili chafu, nyeusi, inanuka. Nikawaza: mama mkwe ataketi juu ya harufu hiyo na nguo yake ya kanisani? Hata kidogo. Nikaiacha oili. Nilikuwa na debe la nta kutoka kwa baba yangu Tabora, nta yenyewe, ya manjano, yenye masega yaliyokaushwa na bado ina utamu kidogo ukiilamba. Nikaiyeyusha tupu, nikaimimina yote. Karakana ilinukia vizuri kiasi kwamba wachomeleaji wenzangu walikuja kuuliza kama kuna harusi. Nikasema, iko njiani.

Vizibo vya mpira vya kuzibia matundu niliyomiminia havikupatikana. Kila tundu lilikuwa la ukubwa wa kidole gumba. Nikaona si neno, hewa ipite, ndani pakauke.

Jamani. Mimi, mtoto wa mrina asali. Mimi niliyekua nikimwona baba yangu akichukua gogo lenye uwazi, akiliacha tundu la ukubwa wa kidole gumba, akilipaka nta ndani ili nyuki wapitao wasikie harufu na kusema hapa pamewahi kukaliwa, tuhamie. Nilijua jambo hilo kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Na nilisimama pale na debe langu tupu, najisifu, nimetengeneza mzinga wenye magurudumu manne, tena siyo mmoja, ni miwili, wa kushoto na wa kulia!

Masika ilikuja kwelikweli mwaka ule. Iling'oa daraja, ililaza migomba, ilitufungia barabara ya Bombo wiki kadhaa. Nilikuwa nikilala nasikiliza mvua juu ya bati la kambi na kuwaza sakafu yangu huko juu, kila kiungo, kila ukingo, nikijiuliza kama nilisugua vizuri pale nyuma ya kiti cha dereva. Binti alikuwa amehamishiwa shule ya msingi ya kwao, kwa hiyo sikumwona. Barua nilimwandikia tatu. Alinijibu moja, kunisahihishia nukta.

Mvua ilipokatika nikaitwa. Ukaguzi utakuwa Jumapili, baada ya ibada, hapo hapo kanisani, balozi akiwepo. Nilipanda lori la mbao mpaka lilipokomea, nikapanda mlima kwa miguu na shati jeupe limefungwa kwenye gazeti ili nilivae nikifika. Nilikuta ibada imeanza. Nikakaa benchi la mwisho, Mkatoliki kati ya Walutheri, nikisimama wanapokaa na kukaa wanaposimama. Binti alikuwa kwenye kwaya. Aliniona nikikosea, akauma midomo, akakosa noti.

Gari lilikuwa nje, chini ya miti ya migrivilia iliyochanua, jua linaupiga ubavu wake wa kushoto na nta inapata joto. Sikufikiria chochote. Niliomba Mungu kuhusu kutu tu, na Mungu akanipa nilichoomba, hakuongeza.

Watu walipotoka, mzee alinisalimia kwa baridi, akamwambia balozi kwamba gari litolewe kwenye kivuli, likae kwenye mwanga, haki itendeke. Akaingia. Mkewe akaingia upande wake, miguu chini safari hii, akaikanyagakanyaga sakafu, akatabasamu. Nilimwona akitabasamu. Moyo ulinijaa nikataka kupiga vigelegele mimi mwenyewe.

Mzee akawasha injini. Gari lile likiwashwa hutetemeka lote kama mtu mwenye homa. Na ndani ya ubavu wa kushoto nikasikia sauti ya pili, nyembamba, inayopanda. Nilijua sauti ile tangu tumboni mwa mama. "Zima!" nikapiga kelele. "Mzee, zima!"

Akaniuliza kwa nini.

Huo ndio mzee wangu. Nyuki waliohamia humo wakati wa ibada wanatoka kwenye matundu yote ya ubavu ule kwa pamoja, na yeye dirishani anataka sababu. Nilipotamka "nyuki" walikuwa wamekwisha kujieleza wenyewe. Mama alikuwa wa kwanza kutoka. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akikimbia hivyo, kitenge mkononi, kilemba kimebaki hewani nyuma yake. Kwaya ilirudi kanisani. Mchungaji alirudi kanisani na kufunga mlango, kisha akaufungua kumwingiza mama, kisha akaufunga. Balozi alipanda ukuta. Mzee alibaki kwenye gari mpaka akazima injini na kuvuta breki ya mkono, maana pale ni mteremko, na hiyo breki ya mkono ilimgharimu uso mzima.

Nikawa nimebaki mimi. Na niseme ukweli, woga uliniisha. Katikati ya balaa lile nilijisikia niko nyumbani. Nilikusanya majani makavu ya mgomba na kinyesi cha ng'ombe, nikaomba kiberiti kwa balozi aliye ukutani, nikafukiza moshi taratibu kwenye tundu la mbele. Shati jeupe nikalivua nikalifunga kichwani. Nikaweka sanduku tupu la majani ya chai kwenye tundu la nyuma, nikalipaka kipande cha nta nilichokwangua. Nikaanza kuwaimbia, maana baba yangu huwaimbia, wimbo wa Kinyamwezi usio na maana yoyote. Saa nzima na zaidi. Walitoka kama uji unavyomwagika, wakaingia sandukuni, malkia wao katikati, nikafunika kwa kitenge cha mama mkwe kilichoachwa njiani. Kutoka dirishani mwa kanisa nikasikia kwaya ikicheka. Walikuwa wamenitazama muda wote, tumbo wazi, nikiimba.

Mzee akaletwa. Uso wake ulikuwa umevimba kama maandazi, jicho moja limefungwa kabisa na la pili limebaki mstari. Alikuwa na hasira ambayo hata uvimbe haukuificha.

"Hakuna cha kukagua. Aondoke."

Nikainama kuliinua sanduku la nyuki. Ndipo binti akatoka kwenye kundi la kwaya, joho bado mwilini, na ile karatasi mkononi. Alikuwa amekuja nayo. Mpaka leo najiuliza ni mtu gani anakwenda kuimba kwaya na mkataba mfukoni.

"Baba, soma hapa panasemaje."

"Unajua sioni."

"Basi nitakusomea. 'Kutu ikionekana.' Umeona kutu?"

"Nimeona nyuki!"

"Nyuki hawamo."

"Hawamo wapi?"

"Kwenye makubaliano. Nimeandika mimi. Hakuna nyuki, hakuna siafu, hakuna mchwa. Kuna kutu tu, na ulinitamkia mwenyewe."

Watu wakaanza kusogea. Sijaona Wapare wanaoondoka kwenye mabishano mazuri, hata kama bado nyuki wawili watatu wanapita. Balozi alishuka ukutani. Mzee akasema kesi iahirishwe mpaka macho yafunguke. Binti akasema kwa mujibu wa karatasi ukaguzi ni masika ikipita, na siku aliyoipanga baba mwenyewe ni leo, tena Jumapili serikali inabana petroli, magari ya watu binafsi hayatakiwi barabarani baada ya saa nane, na kama baba anataka gari lilale kanisani mpaka Jumatatu aseme. Mzee akauliza sasa atakagua nani. Balozi akasema miwani yake iko nyumbani. Mzee akafikiri, uso umevimba, na nikaona, wallahi, kwamba anaanza kufurahi.

"Kagua wewe," akamwambia bintiye. "Wewe hujawahi kunidanganya, hata siku moja ambayo ningependa unidanganye. Utakachokiona, sema."

Akavua joho. Akatandika khanga chini, akaomba bisibisi, akaingia mvunguni mwa gari mpaka zikabaki soli za viatu vyake. Nikasikia bisibisi ikigonga lami. Ko, ko, ko. Inasimama. Inakwaruza. Inaendelea. Alipofika mahali pale nyuma ya kiti cha dereva alisimama muda mrefu. Nilikumbuka Jumamosi moja jua likizama, nikiwa nimechoka, nikisema hapa panatosha. Akakwaruza tena. Ko. Kisha akatoka, akaingia ndani ya gari, akainua zulia la katani ambalo mzee alilirudisha kwa ubishi, akapiga magoti akagonga upande wa juu kote, akapitisha vidole kwenye kila kiungo. Akashuka na lami kwenye shavu.

"Hakuna," akasema.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Nyuma ya kiti changu?"

"Hakuna, Baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Ameshindwa, mbele ya mtaa, kwa karatasi yake mwenyewe, na mtoto wake mwenyewe, na nilimwona akijaribu kukunja uso, na uso uliovimba ukakataa kukunjika.

"Sawa," akasema. "Niliandika kwamba nitamsikiliza. Lakini yeye nimeshamsikia, kutwa anaongea. Wewe sijakusikia." Akageukia mahali alipodhani binti amesimama. "Unamtaka huyu?"

Yule aliyekuwa anabisha kama wakili akainamisha kichwa, akaanza kujifuta lami kidoleni, kidole kimoja baada ya kingine. Niliwaza, basi, sasa ndipo ninapokufa, tumbo wazi, mbele ya Walutheri. Mama alikohoa. Mchungaji alitazama juu ya paa.

"Ningekuwa simtaki, Baba," binti akasema, "kutu ningeiona."

Kwaya yote ikapiga vigelegele. Nikaketi chini palepale nilipokuwa, juu ya nyuki waliokufa na mmoja ambaye hakuwa amekufa. Aliniuma. Nilimsikia vizuri sana, wala sikuinuka.